Togwa ya Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima, wakikopeshana chumvi na kununiana na majirani kama sisi tu, alikuwepo mama mmoja mdogo wa umbo na mwepesi wa miguu. Jina lake Bi Nguchiro.

Mumewe alikuwa amefariki, akamwachia watoto wadogo na mitungi ya asali. Nyumba hakumwachia. Walijibanza katika shimo la kuazima la Mhanga, na Mhanga, ambaye wala hakuwa mbaya, alikuwa amemwambia kwa upole, "Mama, mvua zikianza nitalihitaji shimo langu. Nami nina wakwe wanakuja."

Basi Bi Nguchiro akaibeba mitungi yote, mmoja baada ya mwingine, akaipeleka bondeni kwa Bwana Kiboko, akanunua shamba.

Sasa sikilizeni wanangu jinsi Kiboko alivyouza. Alimpeleka wakati wa kiangazi, akamsimamisha njiani. Sehemu ya mbele alikuwa ameichoma moto, nyeusi, safi, hata mti wa kujikwaa hakuna.

"Waona mwenyewe," akasema Kiboko. "Ni kuchimba tu na kupanda."

"Na kule nyuma?"

"Kule nyuma ni hivi hivi."

"Twende basi tukaone."

"Jua kali, binti yangu. Ngozi yangu haivumilii jua."

Hilo la ngozi lilikuwa kweli. Mwongo hodari hasemi uongo mtupu, hutia na ukweli kidogo ili umezeke.

"Na desturi unaijua," akaongeza Kiboko, huku akionja asali kwa kidole. "Shamba lisilofyekwa kabla ya mvua ya kwanza hurudi kwa aliyeliuza."

"Naijua, mzee. Na asali nayo hurudi?"

"Asali itarudije, nayo imeshaliwa?"

Bi Nguchiro akacheka, maana alidhani ni utani. Kesho yake alfajiri akaingia shambani kwake na wanawe. Ah, furaha ya kukanyaga udongo wako mwenyewe! Aliuchota, akaunusa, akawapaka watoto usoni. Akachora chini kwa kijiti: hapa jiko, hapa kitanda, hapa baraza ya kupokea wageni.

Na wageni walikuja. Nani asiyejua kumfundisha mwenye shamba jipya? Nyani akapita, akasema, "Anza na nyumba." Fisi akapita, akasema, "Anza na mbuzi, mama, mbuzi wengi." Mbuni akasema aanze na ua, yeye mwenyewe hajawahi kuwa nao. Bi Nguchiro akamshukuru kila mmoja, akaanza na baraza. Akaisiriba vizuri sana, akakaa juu yake, akatazama shamba lake lilivyo zuri.

Siku ya kwenda kukata fito za nyumba ndipo alipovuka ile sehemu iliyoungua. Alisimama, panga likamtoka mkononi. Kule nyuma kulikuwa na pori la miiba lililosukana hata upepo haupenyi. Shamba alilonunua lilikuwa hilo, na ile sehemu nyeusi ilikuwa mlango wake tu.

Alifyeka, maskini. Alifyeka asubuhi, akafyeka mchana, miiba ikamchana mikono, mwishowe mpini wa panga ukafanya kach! ukakatika. Na kila jioni Kiboko alipita njiani, akisimama na kuangalia mawingu.

"Mnaendeleaje, binti yangu?"

"Tunaendelea, mzee."

"Wingu lile limeanza kuwa zito, au ni macho yangu?"

Bi Nguchiro akaita majirani wamsaidie, kama desturi ilivyo. Wakubwa walisema wana shughuli. Walikuja wawili tu, Digidigi na Kobe. Walifyeka siku nzima kwa moyo, na walipomaliza, mahali palipofyekwa pangetosha kutandika mkeka.

Sasa, katika nchi ile kazi ya shamba ilikwenda na togwa, kile kinywaji kitamu cha ulezi mnachokijua. Mwenye shamba hupika, waliokuja kufanya kazi hunywa, na mwenyewe hanywi mpaka wenzake watosheke. Bi Nguchiro akammiminia Digidigi, akanywa. Akammiminia Kobe. Kobe akakiangalia kibuyu muda mrefu.

"Hunywi, kaka?"

"Mama," akasema Kobe, "shamba hili lilikuwa langu. Kiboko alimuuzia kwanza Digidigi, likamshinda, likarudi kwake, akaniuzia mimi, likanishinda. Asali yangu imo tumboni mwake. Bado usiku huota kwamba ni langu. Na unajua sheria ya togwa. Nikinywa togwa yako hapa, sitaweza tena kulidai. Nitakuwa nimekuja kukusaidia, basi."

Bi Nguchiro akaiweka kata chini.

Kobe akavuta pumzi, akanywa mpaka tone la mwisho. "Limekufaa wewe na wanao," akasema. "Nimeliacha kwa moyo mweupe."

Usiku ule Bi Nguchiro alilia, si uongo. Aliwalilia Kobe na Digidigi, akajililia mwenyewe na baraza yake nzuri isiyo na nyumba. Alipochoka kulia akafuta uso. Maneno ya Kobe yakamrudia, akaanza kuyageuzageuza kichwani.

Asubuhi akachukua ulezi wote uliobaki, akauloweka.

"Mama," wakasema wanawe, "hiyo si mbegu?"

"Ndiyo, wanangu."

"Tutapanda nini?"

"Tupate kwanza pa kupanda."

Togwa ilipokaribia kuiva, akapanda mlimani kwa Bwana Nyati, jirani wa juu. Nyati alikuwa bwana mwenye nguvu na pembe, na mwenye tabia ya kunyoosha shingo juu ya mpaka kuangalia vya wenzake.

"Hodi, jirani."

"Karibu, mama. Pori linasemaje?"

"Pori limenishinda, jirani. Ila nimekuja kukuonea huruma wewe."

"Mimi? Kwa lipi?"

"Mvua ikinyesha pori likiwa pori, litarudi kwa Kiboko. Mpaka wake utafika hapa mlangoni pako. Nawe unajua anavyopenda kugaagaa matopeni, na anavyokoroma."

Nyati akaacha kutafuna. "Na likifyekwa?"

"Likifyekwa, kwa Kiboko halirudi tena. Lakini nani wa kulifyeka? Panga langu limevunjika mpini."

Angalieni vizuri, wanangu, hajasema uongo hata neno moja. Nyati ndiye aliyejisemea moyoni: nikilifyeka mimi, nani atanitoa? Huyu mama anayeenea kiganjani?

"Pole sana," akamwambia. "Nenda kapumzike."

Alfajiri iliyofuata, kwaru, kwaru, kwaru! Nyati ananoa panga, kisha akaingia porini. Bi Nguchiro akateremka mbio mpaka bondeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kurudisha shamba?"

"Hapana. Nimesikia jirani Nyati ananoa panga tangu hakujakucha, na sasa ameingia porini kwa upande wa juu. Nikaona nikuulize wewe mkubwa, ana safari gani?"

Kiboko akatoka majini maji yakimchuruzika. "Anafyeka shamba langu!"

"Shamba la nani, mzee?"

"La kwako, binti yangu. Nimesema la kwako." Lakini macho yalikuwa yamemtoka. Alijua Nyati akilimaliza lote, mvua haitamrudishia chochote. Akaona heri aanze naye upande wa chini, ajipatie lake mapema. Jua na ngozi yake akavisahau.

Basi ilikuwa kazi, si mchezo. Juu Nyati, fye! fye! fye! Chini Kiboko, anang'oa visiki kwa meno, ng'wa! tupa kule. Kila mmoja akimsikia mwenzake anaongeza mwendo. Miiba iliyomshinda Digidigi, ikamshinda Kobe, ikamshinda mama mjane, ilikuwa inaruka hewani. Hakuna aliyelipwa duniani akafanya kazi vile.

Bi Nguchiro alikuwa amekwenda kumwita Bi Kanga. Bi Kanga ndiye aliyekuwa shahidi wa mipaka katika nchi ile. Yeye ndiye aliyepanda masale, yale majani marefu ya kijani, na alipoyapanda hakuna aliyethubutu kuyang'oa. Akaja na miche yake, akakaa juu ya kisiki, akatulia. Kanga kutulia ni jambo la kustaajabisha, lakini siku ile alitulia.

Jua lilipokuwa utosini, Nyati na Kiboko wakakutana katikati, pua kwa pua. Pori lote lilikuwa limelala chini. Walihema, ndimi nje, hawana hata nguvu za kutukanana.

Hapo akatokea Bi Nguchiro na kibuyu kikubwa kichwani na vidogo viwili mkononi. Hakuwauliza kitu.

"Poleni na kazi," akasema.

"Tumeshapoa," wakajibu, kwa mazoea.

Akamimina, akampa Nyati. Nyati akanywa, akaongezewa. Akamimina, akampa Kiboko. Kiboko akanywa gugugugu, akaomba tena, akapewa tena. Sheria waliijua wote wawili tangu utotoni, lakini mwenye kiu hakumbuki sheria.

Koo zilipolowa, ugomvi ukaanza.

"Nusu ya juu yangu," akasema Nyati.

"Yako kwa lipi? Shamba hili langu tangu zamani!"

"Bi Kanga yupo pale. Atupandie masale hapa katikati, yaishe."

Bi Kanga akashuka kwenye kisiki taratibu, akajikung'uta.

"Nitapanda," akasema. "Kwanza niambieni. Bwana Nyati, togwa ilikuwa tamu?"

"Tamu sana."

"Kakupa nani?"

"Huyu mama hapa."

"Ukanywa?"

"Nimekunywa vibuyu vi..." Nyati akakitazama kibuyu kilichokuwa mkononi mwake kana kwamba kimemuuma.

"Mimi nilikuwa na kiu tu!" akanguruma Kiboko. "Kiu si ushahidi."

"Kiu si ushahidi," akakubali Bi Kanga. "Kunywa ndiyo ushahidi. Mwenye shamba humimina, mfanyakazi hunywa. Nimekaa pale tangu asubuhi, na aliyemimina nimemwona."

Kiboko akafumbua kinywa chote, mnajua kilivyo kikubwa. "Nitamrudishia togwa yake! Naitapika sasa hivi!"

Bi Nguchiro hakurudi nyuma. "Vizuri, mzee. Ukimaliza ya kwangu, utatapika na asali ya Digidigi? Na ya Kobe?"

Nyati akageuza kichwa polepole, akamtazama Kiboko. "Ulimuuzia na Kobe? Shamba hili hili?"

Kiboko akafunga kinywa.

Nyati akaanza kutetemeka mabega, watoto wakadhani analia. Kumbe anacheka. "Nimelimishwa," akasema. "Na pembe zangu hizi, nimelimishwa na kufundishwa adabu juu yake. Mama, mbegu unazo?"

"Mmezinywa, jirani."

Nyati akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akapanda kwake, akarudi na kapu la ulezi, akaliweka juu ya ile baraza nzuri. Hakuombwa.

Kiboko alibaki amekaa peke yake kati ya visiki, ngozi imemwiva kwa jua. Ukimtazama vizuri, naye alitia huruma. Baada ya muda akakisogeza kibuyu chake mbele.

"Kama mimi ni mfanyakazi," akasema chini chini, "basi togwa imebaki?"

Bi Nguchiro akamimina. Wote walipotosheka, akajimiminia mwenyewe tone lililobaki.

Bi Kanga akapanda masale upande wa juu, na Nyati akakanyagia udongo kwa kwato zake. Akapanda upande wa chini, Kiboko naye akakanyagia. Mche wa mwisho ulikuwa haujashika vizuri, tone likaanguka juu ya jani, to! Jingine, to! Mvua ikashuka, ikaikuta ardhi imefunuka inaisubiri.

Mhanga alirudishiwa shimo lake. Digidigi na Kobe walikaribishwa kulima pembezoni, na Kobe husema siku hizi haoti tena usiku, analala tu.

Tamaa hulima, mwenye shamba huvuna.

Hadithi yangu imefika kwenye masale, na mimi mpaka wa watu sivuki.