Chungu Kilichokataa Jaa

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa chungu, pakawa mafiga matatu. Mwenye usingizi akalale kwao.

Hapo kale, katika mji wa Mavumbini, kila kilichoharibika kilikuwa na jina moja tu: bovu. Na bovu lilitupwa jaani kabla ya magharibi. Ndiyo sheria, na mlinzi wake alikuwa Bi Kazija, mavyaa wa Mashavu, aliyekuwa na macho mengi kuliko nanasi.

Mashavu alipoolewa alikuja na chungu cha bibi yake mkononi. Siku moja kikagonga figa, mdomo ukamegeka.

"Bovu," akasema Bi Kazija. "Nikilikuta kesho, utalibeba urudi nalo kwenu."

Mashavu aliijua njia ya kwao, na midomo ya majirani kando yake. Akakipeleka jaani. Chungu kikasema:

"Mashavu, Mashavu, mdomo umemegeka, tumbo zima. Usinitupe."

Akakirudisha, akakificha uvunguni, akakiita Pengo. Mavyaa akitoka, Mashavu hupika kunde humo.

Kikapasuka mstari tumboni. Akakipeleka jaani.

"Mashavu, Mashavu, maji sishiki, nafaka nashika. Usinitupe."

Akakiita Ufa, akatilia choroko.

Mbuzi akaingia uvunguni, akakikanyaga. Mashavu akavipeleka vipande jaani.

"Mashavu, Mashavu, tumbo sina, mgongo ninao. Usinitupe."

Akachukua kipande kikubwa, akakiita Kigae, akafunikia makaa ya jiko lake mwenyewe.

Ikanyesha mvua siku tatu. Mapaa yakavuja, meko yote ya mji yakazima, isipokuwa la Mashavu.

Bi Kazija akaja na kikapu kuchukua moto. Kikaungua. Akaja na kata. Ikaungua. Akaja na chungu kipya kilicholowa mvua. Kikapasuka paa!

"Nipe hilo bovu lako."

"Mabovu yako jaani, mama. Hapa kuna Kigae."

Bi Kazija akafikiria jiko lake baridi. Njaa haina mavyaa.

"Haya, nipe hicho kigae."

"Na safari yangu ya kwetu?"

"Ukienda, moto nitaomba kwa nani? Kaa, mwanangu."

Tangu hapo, Mavumbini kitu kikiharibika, watu huuliza kwanza kimeharibika wapi, ndipo wakipe jina.

Hadithi yangu imefika jaani, nayo imekataa kutupwa. Usiseme bovu kabla hujatazama kilichobaki. Bi Kazija mwenyewe alibakiwa na meno mawili, na hakuna aliyempeleka jaani. Ingawa Mashavu, nasikia, alishawahi kupima kikapu cha kumbebea.