Mipiko ya Sanduku la Kwamrindi

Mlipoisikia methali ile leo mkutanoni, mlitazama viatu vyenu. Kwa kutazama pembeni hamjambo! Sasa inueni macho, maana mmeuliza: "Safari ikikawia, mpiko hauchomolewi" imetoka wapi? Imetoka kwa watu waliofukuzwa kwao, na mwanzo wake ni huu.

Waumini wa Kwamrindi walitolewa mlimani, msitu ukazungushiwa uzio, wakatupwa tambarare kwenye vumbi na miiba. Waliteremka na sanduku la mninga lenye kikombe na sahani ya Meza ya Bwana. Mwinjilisti wao wa kwanza alilichonga kwa kufuata Kitabu cha Kutoka: pete nne ubavuni, mipiko miwili ya kubebea ndani ya pete, nayo isitolewe kamwe. Safarini lilikwenda kwa mabega. Mkono wa mtu haukuligusa.

Mlinzi wake alikuwa Nakijwa, mjane. Kila alfajiri aliipaka mipiko mafuta ya nyonyo, kisha akasimama kuutazama mlima. Huko alilala mumewe. Huko ilikuwako chemchemi aliyoinywa hata ndotoni. Miaka ilipita, naye hakuita tambarare nyumbani hata siku moja.

Mwaka wa kumi na mbili Nakijwa aliugua homa, akapelekwa kuuguzwa kwa dadake. Nyuma yake Eliewaha, mzee wa kanisa na seremala, akachomoa mipiko, akaikata vipande viwe miguu ya benchi la wageni.

"Bibi, usininunie," alimwambia aliporudi. "Mlima wenyewe umeshatusahau. Wageni wachuchumae kama kuku?"

"Na siku ya kurudi mlimani?"

"Nitachonga mingine. Kwani mimi si fundi?"

Watu wakacheka. Benchi lilikuwa zuri, tena imara.

Siku ikaja bila kubisha hodi. Asubuhi moja mjumbe wa mkuu mpya wa wilaya alipita mbio: lango la mlimani limefunguliwa, watakaoingia kabla ya jua kuzama watabaki kwao, watakaochelewa, basi tena. Kanisa zima likakimbilia sanduku. Pete nne, tupu. Hakuna aliyethubutu kulishika, hakuna aliyekubali kuliacha. Eliewaha akatoka na shoka kutafuta mti mnyoofu katika nchi ya miiba.

"Jamani, tulibebe hivi hivi!" mama mmoja alilia.

"Katika Biblia Uza aliligusa Sanduku la Bwana akafa! Unataka tufe?" mwingine alimkemea.

Nakijwa akawageukia. "Leo mnaogopa kuligusa. Mlipoling'oa miguu hamkuogopa?"



Eliewaha alirudi alasiri na miti miwili mibichi, mikono ikimtoka damu. Walipanda wakiimba, kisha wakihema tu. Jua lilizama wakiwa hatua chache chini ya lango, karibu hata Nakijwa akaisikia chemchemi. Komeo likaingia. Akapitisha mkono kwenye waya, vidole vyote vitano, akashika majani ya kwao.

"Bibi, nisamehe," Eliewaha alisema, magoti chini.

"Nimekusamehe, baba. Ila uwaambie na wanao: safari ikikawia, mpiko hauchomolewi."

Alizikwa tambarare.

Nanyi mmeshaanza kukata mipiko yenu, mnakalia benchi na kulisifu! Tokeni hapo. Nendeni leo, si kesho, mkairudishe kwenye pete, mabega yawe tayari. Safari ikikawia, mpiko hauchomolewi.