Kunde Ishirini za Damari

Mtu mmoja wa Ugogo, jina lake Hezroni, alikuwa na debe moja la mbegu ya mtama, na hakuwa na jingine. Mvua ya kwanza iliponyesha akawaza lile wanalowaza wakulima wote wa huko: apande zote sasa, au asubiri? Mvua ikishika, aliyewahi ndiye anayevuna. Ikikatika, mtama huchipua, huungua, na mbegu ndiyo imekwenda hivyo.

Mkewe Damari alikuwa na kibuyu. Tangu aolewe, kila mwaka alitumbukiza humo kunde moja iliyopakwa majivu isibunguliwe: nyeupe ikiwa mvua ya kwanza ilishika, nyeusi ikiwa ilikatika. Miaka ishirini, kunde ishirini. Akazimwaga kwenye ungo mbele ya mumewe. Nyeupe zilikuwa tano tu. Akamsihi apande robo ya debe, iliyobaki aiache darini.

Hezroni hakuwa mjinga, na hilo ndilo linaloniuma. Alizitazama zile nyeusi akaogopa kweli. Lakini miaka mitatu ya mwisho ilikuwa nyeusi mfululizo, akajiambia kwamba basi zamu ya nyeupe imefika, kana kwamba mawingu hupanga foleni. Kisha akatoa sarafu mfukoni, akaigeuzageuza kiganjani.

“Mama Yoeli,” alisema, “mvua ama itashika ama itakatika. Mambo ni mawili, basi ni nusu kwa nusu. Na moyo wangu unaniambia itashika.”

Maskini Hezroni! Sarafu ina nyuso mbili zilizo sawa; nani alimwambia mbingu nazo ziko hivyo? Na ule moyo ulikuwa na njaa, ukasema ulichokitamani. Kesho yake akapanda debe zima.

Mtama ulichipua vizuri. Majirani wakamsifu, naye akamtania mkewe kuhusu kibuyu chake. Siku ya tisa jua likatoka, likakaa wiki tano. Mvua iliporudi, miche yote ilikuwa imeungua, na Hezroni alisimama katikati ya shamba bila hata punje ya kupanda, analowa tu.

Damari hakumlaumu. Afadhali angemlaumu. Watoto walipolala na njaa siku ya pili, alikitoa kibuyu, akakipindua juu ya sufuria, akachemsha kunde zote pamoja na ile nyeusi ya mwaka huo. Hazikujaza kikombe. Hezroni alipewa kijiko kimoja akatafuna, na zilikuwa zimeiva zikaambukizana weusi, hata hakujua nyeupe ni ipi.

Ninyi mnaonisikiliza, sarafu husema kwa umbo lake, kibuyu kwa yaliyokwisha kutokea, na moyo kwa unachokitaka. Mvua ya kwanza itakaponyesha mwakani, na kibuyu ni kitupu, Hezroni atamwuliza nani?