Uzi Mweusi Shingoni mwa Kitwitwi

Zamani hizo, kabla hata bibi za bibi zetu hawajazaliwa, ndege wadogo wa ufukweni walifanana wote kama punje za mtama. Migongo yao ilikuwa ya kijivu, vifua vyeupe. Tabia tu ndiyo haikuwa moja. Kitwitwi alihisi maji yanapogeuka, akalia na kurukia nchi kavu. Wenzake waliendelea kudonoa tope mpaka mawimbi yawaloweshe.

Wanawake wa kijiji cha Kitopeni, waliokwenda kuchimba kombe, chaza wa topeni, walimtegemea kitwitwi, kwa sababu mkondo uliokuwa nyuma yao, kati yao na nchi kavu, ulijaa kabla hawajaona maji mbele.

Siku moja ya bamvua, maji yanapojaa kuliko siku zote, Mwanakheri alikwenda huko na mdogo wake Mishi, aliyekuwa ameposwa. Ndege mmoja akalia, akaruka.

"Mishi, twende."

"Dada, hebu tazama," Mishi akasema huku akicheka. "Wako tele bado wanakula. Huyo kashtuka tu. Tangulia, nijaze kikapu."

Mwanakheri akatazama. Kweli walikuwa tele, na wote sura moja. Akatangulia. Alipofika ng'ambo na kugeuka, maji ya mkondo yalikuwa yamemfika Mishi kifuani. Mwanakheri aliingia kumfuata mara mbili, na mara mbili mkondo ukamrudisha. Mishi aliokotwa kesho yake kwenye mikoko.

Baada ya maziko, wanawake walishika fimbo. "Ndege hawa wametudanganya," walisema. "Tuwamalize, wao na mayai yao."

Mwanakheri alitangulia mbele. Ndege wote wakaruka, isipokuwa mmoja, aliyesimama miguuni pake.

"Mimi nililia," akasema yule ndege. "Nilimlilia mdogo wako mpaka koo likanikauka. Akawatazama wenzangu."

Mwanakheri alijua ndege anasema kweli. Alijua pia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu: kwamba hata yeye aliwatazama wale wengine, ndiyo maana akamwacha Mishi. Fimbo ikamponyoka. Akachomoa uzi mweusi kwenye kaniki ya msiba aliyovaa, akamfunga ndege shingoni.

"Sasa tutakujua," akamwambia. "Na sisi hatutakuwa na la kusingizia."

Kisha akawageukia wanawake. "Atakayempiga huyu, anipige mimi kwanza."

Hakuna aliyeinua mkono. Maji ya chumvi yakaugandisha ule uzi kwenye manyoya, na makinda yake yalipoanguliwa, yalitoka nao.

Na tangu siku hiyo kitwitwi ana ukosi mweusi, wenzake hawana. Mwanamke akifika topeni hutazama shingo kwanza, si mgongo, wala wingi wa ndege. Mwenye uzi akiruka, naye hurudi, hata kama kikapuni mna kombe tatu tu. Wala huko nyumbani hapana anayemuuliza mbona chache.