Pat wa Plagi

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Waliotuachia maneno haya hawakuwa wakizungumzia mbao na bawaba. Walituonya kwamba sura ya nje ni ahadi tu, na ahadi huweza kuwa ya uongo: kizuri kikaficha ubovu, na kilichochakaa kikaficha uzima. Methali hii sote tunaijua. Kuitenda ndiko kunakotushinda, na mmoja wa walioshindwa alikuwa Trevor Sugden wa Rochdale, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kufungua vitu na kutazama ndani.

Trevor alikuwa fundi wa kupima vifaa vya umeme makazini. Huku Uingereza waajiri hupimisha kila birika la umeme, kila taa na kila kompyuta. Kifaa kilichofaulu hubandikwa kibandiko cha kijani. Kilichofeli hubandikwa chekundu na kukatwa plagi papo hapo, asije mjanja akakirudisha ukutani. Kazi hiyo kwa kifupi cha Kiingereza huitwa PAT, na kwa bahati mbaya Pat ni jina la mtu pia. Basi siku ya kwanza alipoingia kiwanda kimoja cha maboksi, mama wa mapokezi alipaza sauti, "Pat amefika!" Yeye alitaja kazi, walio ndani wakasikia jina. Kuanzia hapo Trevor akawa Pat. Mara ya kwanza aliona haya kuwasahihisha, na mwaka uliofuata akaona amechelewa mno.

Ukitaka kujua upweke ni nini, usiende jangwani. Nenda mahali ambapo kila mtu anakuita "kipenzi" na hakuna anayejua jina lako. Ndivyo wasemavyo watu wa huku, kipenzi kwa muuza mkate, kipenzi kwa dereva, kipenzi kwa fundi, na neno lenyewe halina uzito zaidi ya "samahani". Trevor alikuwa akipiga magoti chini ya meza za watu, akiona viatu vingi kuliko nyuso. Saa ya chakula alirudi garini akala mkate wake akitazama mvua ikiteremka kiooni. Nyumbani, tangu mkewe Maureen afariki, alikuwa akiacha redio ikiongea kutwa ili afunguapo mlango asipokewe na ukimya. Kusema kweli alikuwa na huzuni, na hakuwa na wa kumwambia.

Mwezi wa Novemba, siku ya mawingu mazito, alifika kiwandani kama kawaida.

"Pat, kipenzi, usinizimie kompyuta! Niko katikati ya mahesabu!"

"Ficheni vitu vyenu, mkata plagi huyo!"

Meneja, kijana aitwaye Craig Openshaw, alikuwa na hita mpya inayong'aa kama kioo. "Hiyo iruke, mzee wangu," alisema. "Haijamaliza hata wiki. Huoni ilivyo safi?"

"Safi naiona," Trevor akajibu, na kuchomoa fyuzi kwenye plagi. Lahaula! Fyuzi ilikuwa imeungua, nayo imezungushiwa ile karatasi ya kung'aa inayofunga chokoleti, ili umeme upite hata pale unapopaswa kukatika. "Nani kaweka hii?"

Craig akajikuna shingo. "Ilikuwa inakata moto kila saa, nikaibembeleza kidogo."

"Umeubembeleza moto, kijana. Siku moja ungetuchoma sote humu."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Trevor, ambaye ni nadra kusikilizwa, alivimba kichwa kidogo. "Bosi, mimi sipimi ganda, napima kiini," alisema kwa sauti, kisha akaikata plagi ya hita kwa koleo, kacha! Maneno hayo yalikuwa matamu mdomoni mwake, na hakujua kwamba yangemrudia.

Pembeni, karibu na dirisha, aliketi Beryl Tattersall, karani wa mishahara. Mumewe Len alikuwa amefariki, na juu ya meza yake palikuwa na taa ya shaba ambayo Len aliitengeneza kwa mikono yake. Alasiri za baridi, giza linapowahi kuingia, Beryl aliwasha taa hiyo na kubaki nayo hata wenzake walipokwisha kuondoka, kwa maana nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwahi. Kila mwaka Pat alipokuja, Beryl aliificha kwenye saraka isije ikakatwa. Leo kicheko cha hita kilimsahaulisha, na fundi akaikuta taa ikiwaka.

Trevor akaiangalia. Waya wake ulikuwa umevikwa kitambaa cha zamani, kimechanikachanika, nyuzi zikining'inia. Akatikisa kichwa na mkono wake ukaenda kwenye koleo.

"Hii haifai, kipenzi."

"Pat, ngoja!" Beryl akaifunika plagi kwa viganja vyote viwili. "Hii ni ya Len. Ukiikata umenimaliza."

"Ya kwangu si imekatwa?" Craig akadakia kutoka kule. "Kata, haki iwe sawa!"

"Nakuonea huruma," Trevor alisema taratibu, "lakini tazama ilivyochakaa. Sina hata haja ya kuifungua."

Beryl akainua uso. Macho yalikuwa yamejaa machozi, lakini ulimi haukuwa umelowa. "Ahaa! Si wewe uliyesema sasa hivi hupimi ganda? Au kiini ni cha mabosi, sisi wengine tunapimwa ganda?"

Maneno yalimchoma Trevor kama mwiba. Akavuta kiti, akatoa bisibisi, akaifungua plagi.

Ndani mlikuwa safi. Fyuzi ilikuwa ile ndogo ifaayo taa. Chini ya kitambaa kilichochakaa mlikuwa na waya mpya mzima. Len aliupitisha ndani ya kitambaa cha zamani kama mtu anayevaa koti la babaye. Na waya wa ardhi, ule unaomlinda mtu asipigwe na umeme, ulikuwa umeachwa mrefu kidogo kuliko wenzake.

"Kwa nini huo ni mrefu?" Beryl akauliza.

"Ili mtu akijikwaa na kuuvuta, huu uwe wa mwisho kuchomoka." Trevor akauonyesha kwa ncha ya bisibisi. "Mumeo alitaka uwe salama hata mengine yakikatika."

Beryl akalia waziwazi, bila kujificha. Trevor akaipima taa, ikafaulu, naye akaandika herufi mbili kwenye kibandiko cha kijani na kukibandika. Kwa kuwa taa ilifichwa miaka yote, hicho kilikuwa kibandiko chake cha kwanza, na cha kwanza Beryl kujali kukisoma. Akavaa miwani akakisoma kwa makini kama cheti.

"T.S. Huyu T.S. ni nani?"

"Ni mimi. Trevor Sugden."

"Wewe si Pat?"

"Pat ni kazi, kipenzi."

Beryl akavua miwani. "Mungu wangu! Miaka yote hii tunakuita jina la kazi, nawe umenyamaza tu?"

"Hakuna aliyeuliza."

Wakatazamana. Yule aliyetaka kuhukumu taa kwa kitambaa chake alikuwa mwenyewe amehukumiwa kwa jina la kazi, tena hata na mwanamke huyu. Saa ya chakula ilikuwa imefika, na Trevor akaanza kukusanya vifaa vyake arudi garini. Beryl alikuwa ameshafika kwenye jiko la ofisi, birika la chai mkononi.

"Trevor!" aliita kwa sauti iliyopenya ofisi nzima. "Sukari vijiko vingapi?"

Vichwa vikainuka mezani. Watu wakageuka huku na huku wakitafuta huyo Trevor ni nani. Na mtu waliyemzoea kuwa Pat akaweka begi lake chini, akasafisha koo, akajibu, "Viwili, Beryl. Asante."

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.