Droo ya Sanda ya Bi Mize

Hapo zamani, Alhamisi moja ya mvua za vuli, kabla ya adhuhuri, droo ya chini ya kabati la Bi Mize ilikataa kufunguka. Alivuta kwa mkono mmoja, haikuja. Alivuta kwa mikono miwili, haikuja. Alikaa chini, akakita mguu kwenye kabati, akavuta tena. Kishikio kiling'oka, akaanguka nacho chali.

Bi Mize alikuwa mjane wa Pemba, mwenye miaka sabini na minne. Ndani ya droo ile alikuwa ameweka sanda yake: vipande vitano vya nguo nyeupe, pamba, udi na kafuri. Wazee wengi wa kijiji kile walijiwekea sanda mapema, wasije wakawahangaisha watu. Dada yake, Bi Time, naye alijiwekea kwenye droo ya kabati lake. Akafa masika, mbao zimevimba, droo imeshika. Wanaume walivuta mpaka alasiri ikapita. Mwisho wakaleta shoka. Kabati likapasuliwa huku maiti amelala chumba cha pili, na kila pigo likasikika barazani kwa waliokuja kuzika. Bi Time alizikwa kesho yake.

"Mie sitaki kusindikizwa na shoka," alisema Bi Mize.

Akawaita watu watatu. Akawakalisha mbele ya kabati, mwanawe Hamad akiwapo, akatamka:

"Kabati hili ni la mvule. Marehemu mume wangu aliniletea mwaka wa harusi yetu. Atakayeifanya droo hii ifunguke kwa kidole kimoja siku nitakayokufa, hata nikifa katikati ya masika, kabati ni lake. Hamad, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Umeridhika?"

"Nimeridhika."

Wa kwanza kuinuka alikuwa Kombo, shemegi yake, ambaye kazi yake ilikuwa kuanika karafuu. Kombo hakuvuta droo. Alizunguka nyuma ya kabati, akang'oa misumari ya ubao wa mgongoni, akaisukuma droo kwa nyuma mpaka ikatoka. Akainusa.

"Shemegi, umeitia nini hii?"

"Mafuta ya nazi. Kila ikishika naitia kijiko."

"Nani alikwambia?"

"Wewe."

Kombo aliinusa tena. "Basi nilikosea," akasema. "Bawaba ya chuma ukiitia mafuta hulegea. Mbao huyanywa, zikanenepa, na vumbi likaganda juu yake. Niachie mimi. Ubishi wa maji na jua naujua."

Akatoa sanda, akamkabidhi Bi Mize. Akaisugua droo kwa majivu makavu mpaka yakafyonza mafuta. Kisha akaianika siku kumi na mbili, kama anavyoanika karafuu. Jua likitoka, anaitoa. Wingu likitanda, anaiingiza. Siku ya tisa mvua ilishuka ghafla. Majamvi yake mawili ya karafuu yalikuwa uani kwake, na droo ilikuwa juu ya banda la Bi Mize. Kombo alikuwa na mikono miwili tu. Aliikimbilia droo. Karafuu zikarowa, zikaharibika zote.

Siku ya kumi na mbili alirudisha droo mahali pake. Ilifunguka, lakini kwa mikono miwili na kwa kelele.

Wa pili alikuwa Fundi Shehe, seremala. Aliitazama droo, akaitazama tena.

"Fundi, umekuja kuitibu au kuiposa?" aliuliza Bi Mize.

"Anayeposa huangalia kwanza, bibi," alijibu Shehe.

Akatoa chaki, akaipaka mbavu zote mbili za droo. Akaiingiza, akaivuta, akaigeuza. Palipofutika chaki ndipo palipokuwa panagusa. Palikuwa mahali patatu, kila mahali si papana kuliko kiganja.

"Fundi mwingine angeparaza ubavu mzima," alisema. "Halafu kiangazi mbao zikisinyaa, droo ingecheza kama jino la mtoto. Ingekaa upande, ingekwama tena, na hapo hakuna wa kuirudishia nyama yake."

Akapitisha randa mahali patatu tu. Maranda yalikuwa membamba, ukiyainua unaona dirisha kwa nyuma. Akapima kwa chaki tena, akapitisha randa mara moja zaidi, akaacha. Droo ilifunguka kwa mkono mmoja. Kwa kidole kimoja, bado.

Wa tatu alikuwa Asaa, mshonaji, jirani wa ukuta kwa ukuta. Alikuja na kipande cha mshumaa.

Kombo akacheka. "Sisi tumeharibikiwa karafuu na kutoka jasho. Huyu anakuja na mshumaa. Kwani giza limeingia?"

"Cheka tu, baba," alisema Asaa. "Uzi ukinishinda naupitisha kwenye nta. Kitambaa hakijawahi kunikatalia."

Akasugua mshumaa chini ya kingo za droo, na juu ya mbao mbili ambazo droo hupita. Akaisukuma ndani na nje mara ishirini. "Haya, bibi."

Bi Mize aliingiza kidole kimoja kwenye tundu lililoachwa na kishikio, akavuta. Droo ilimjia yote, nusura imwangukie miguuni. Alicheka mpaka akakaa kitako. Alirudisha sanda yake ndani, kipande kwa kipande.

"Nta huisha," Asaa alimwambia. "Nitakuwa napita kila Ijumaa."

Na kila Ijumaa alipita. Alipita miaka miwili na miezi mitano, kila mara kabla hajakaa kwenye cherehani yake. Aliwahi kupita na homa.

Bi Mize alifariki Jumanne moja ya masika, baada ya alfajiri. Mvua ilikuwa katika siku yake ya sita na milango ya kijiji kizima ilikuwa imeshika. Hamad aliingia chumbani, akaweka kidole kimoja, akavuta. Droo ilikuja bila sauti. Bi Mize aliswaliwa baada ya adhuhuri, na alasiri ilipoadhiniwa watu walikwisha rudi kutoka makaburini.

Baada ya arobaini, wale watu watatu walikaa mbele ya kabati.

Kombo alisema: "Mimi ndiye niliyeitoa, nikaikausha. Nta haishiki juu ya mbao mbichi, na randa haipiti. Nilipoteza majamvi mawili ya karafuu kwa droo ile."

"Nawe ndiye uliyeleta mafuta ya nazi," alisema Shehe. "Mtu hutia moto, akazima, akadai shukrani?"

"Nilikosea, nikakiri, nikalipa kwa karafuu."

Shehe alisema: "Kukausha ni kazi ya jua, na nta hata mtoto hupaka. Lakini palipogusa paligusa mpaka nilipopaondoa mimi. Mvua siku sita, droo haikugusa."

"Ulifanya kazi asubuhi moja, ukaenda zako," alisema Asaa.

"Ilifanywa vizuri, ndiyo maana ilikuwa asubuhi moja."

Asaa alisema: "Bibi alisema kidole kimoja, siku ya kufa kwake. Kwenu ninyi ilifunguka kwa mikono miwili, ikafunguka kwa mkono mmoja. Kwangu mimi ilifunguka kwa kidole. Na siku ile ilikuwa Jumanne. Nta iliyokuwamo ni ya Ijumaa yangu."

"Nta juu ya nini?" aliuliza Kombo. "Juu ya droo yangu kavu."

"Iliyosawazishwa na nani?" aliuliza Shehe.

Hamad aliwasikiliza wote. "Kugawa siwezi," alisema. "Kabati haligawanyiki bila shoka, na shoka ndilo alilolikimbia mama. Nipeni muda."

Ijumaa iliyofuata Asaa alikuja na mshumaa wake. Alimkuta Shehe ameshika chaki, na Kombo anafungua madirisha ili chumba kipate hewa. Hakuna aliyemsalimu mwenzake. Droo ilifunguka kwa kidole kimoja, ikafungwa. Hamad akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni.

Nanyi mliosikia tangu mwanzo: aliyeikausha, aliyeisawazisha, na aliyeilainisha kila Ijumaa. Ufunguo ungekuwa mfukoni mwenu, mngempa nani kabati la Bi Mize?