Anayeondoka wa Mwisho

Kaeni vizuri, wapendwa. Na nyie wa kule mlangoni sogeeni, nafasi zipo, hapa mbele hatuumi mtu. Leo sitawachosha. Nina habari ya baiskeli.

Najua mnachekea nini. Mnanijua mimi na baiskeli. Mwaka juzi nilikwenda kumwona mgonjwa ng'ambo ya mto, nikarudi nimeibeba begani, na watoto wa shule wakanipigia makofi. Basi habari hii si yangu, ni ya watu wanaojua kuendesha.

Palikuwa na familia moja. Si ya hapa, msianze kutazamana. Baba wa familia hiyo alikuwa mzee wa miaka sitini na tatu, mwalimu mstaafu, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: mbio za baiskeli. Si zile baiskeli zetu za kubebea magunia ya mpunga, hapana. Zile nyembamba, zenye gia nyingi na tairi jembamba, ambazo ukikaa juu yake unainama mpaka kidevu kinakaribia usukani. Alinunua moja ya mtumba, akaitengeneza. Akanunua ya pili, akampa binti yake Milembe. Milembe alipoolewa, mume naye akaambukizwa. Rafiki wa mzee, fundi cherehani mmoja mwenye tumbo lake la heshima, naye akaingia. Na wa mwisho alikuwa kitinda mimba wa nyumba, kijana anaitwa Nkwabi.

Kila mwaka, siku mbili baada ya Krismasi, walikuwa na mashindano yao wenyewe. Hakuna mgeni rasmi wala kipaza sauti. Wanaanzia kwenye geti la nyumbani, wanazunguka kilomita arobaini kupitia kinu cha pamba, wanarudi kwenye geti lile lile. Mshindi anapewa firigisi ya kuku wa siku hiyo. Eti mnaguna? Mtu mzima anaweza kukaza pedeli kilomita arobaini kwa ajili ya firigisi, kama itatolewa mbele ya ndugu zake.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye jambo. Hawakuwa wanaondoka pamoja. Mngetaka fundi cherehani na tumbo lile ashindane na mzee? Walikuwa na utaratibu wao wa kuachiana dakika. Aliye mzito anaondoka kwanza. Anayemzidi kidogo anangoja, anaondoka wa pili. Hivyo hivyo mpaka aliye na nguvu kuliko wote, huyo anaondoka wa mwisho kabisa. Dakika zikipangwa vizuri, wote wanafika getini karibu pamoja, na firigisi inaweza kwenda kwa yeyote. Mzee ndiye aliyepanga dakika, kwa kuwatazama kwenye mazoezi ya Jumamosi. Mama alisimama getini na saa yake ya mkononi, akiwaita mmoja mmoja. Na kwa miaka yote hiyo, aliyeondoka wa mwisho alikuwa mzee mwenyewe.

Nkwabi alikuwa hajawahi kushinda. Fundi alishawahi, Milembe mara tatu, hata shemeji mtu wa kuja alishawahi. Nkwabi yeye alikuwa mtu wa kufika wa tatu, wa nne, anapewa shingo. Na mnajua kitinda mimba anavyoumia. Ana miaka ishirini na minne lakini nyumbani bado wanamwambia avae sweta. Hakuitaka firigisi kwa ajili ya nyama. Alitaka siku moja tu baba yake aingie getini amkute yeye amekwisha kufika, amtazame, aone kwamba huyu si mtoto tena.

Basi Nkwabi akafanya nini? Akaanza kujificha. Kuanzia Septemba, siku za kazi aliamka alfajiri, akaenda peke yake kwenye kilima chenye mawe, anapanda, anashuka, anapanda tena. Miguu ikawa vyuma. Lakini Jumamosi, mbele ya baba, ungemhurumia. Anahema. Anabaki nyuma. Anasimama kufunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka. Shemeji mtu wa watu akawa anampa maji yake.

Alitaka nini? Alitaka dakika. Kadiri anavyoonekana dhaifu, ndivyo atakavyoachiwa dakika nyingi.

Siku moja kabla ya mashindano, jioni, mzee akakaa barazani na karatasi yake ya kupanga. Akamwita Nkwabi. Akamwambia neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote katika nyumba ile.

"Mwanangu, kesho nataka uondoke wewe wa mwisho. Mimi nitangulie."

Nkwabi moyo ukamlipuka. Akadhani siri imevuja, firigisi imekwenda. Akashika paja lake hapo hapo.

"Baba, mimi? Kwa mguu huu mzito? Mbona ningeingia wakati mmeshanawa mikono."

Mzee akamtazama. Angeweza kusema jambo, na mdomo ulishafunguka. Kisha akasema, "Haya," akaandika: Nkwabi, dakika kumi na nane mbele yangu.

Asubuhi mama akawaita. Fundi akaondoka, watu wakimtania. Milembe akaondoka, mume akafuata. Nkwabi akaondoka na dakika zake kumi na nane, na alipopita kona ya kwanza, ambako wa nyumbani hawamwoni tena, akatoa vyuma vyake. Ndugu zangu, alikwenda. Alimpita shemeji bila kumsalimu. Akampita dada yake, dada akamwita, hakugeuka. Akampita fundi cherehani kwenye mteremko, fundi akadhani ni pikipiki. Akaingia getini mama bado anachochea moto, kuku hajaiva.

Mama akatazama saa. Akaitikisa, akaiweka sikioni, akaitazama tena.

"Umepita njia gani wewe?"

"Njia ya siku zote, mama."

Mama akageuka. Akarudi jikoni. Na Nkwabi akakaa getini, amepanga uso wake, amepanga namna ya kusimama, akimngoja baba. Akangoja dakika ishirini na sita. Wakaingia dada, shemeji na fundi, wamefuatana, wanacheka, kila mmoja anadai tairi lake ndilo lililotangulia. Walimpongeza Nkwabi, tena kwa moyo, maana walikuwa watu wazuri. Walisema tu kwamba mzee mwaka huu kazeeka, angekuwa ameshaingia.

Robo saa ikapita. Chai ikamiminwa. Mama akatoka mara moja barabarani, akarudi. Akatoka tena. Simu ya mzee ilikuwa mezani pale pale, maana hakupenda kwenda nayo, ilimpigapiga kiunoni. Nusu saa. Shemeji akasema labda pancha. Fundi akasema pancha anaijua kuiziba. Milembe akaweka kikombe chini.

Nkwabi ndiye aliyeelewa kwanza. Kila mwaka mtu akianguka, akikatikiwa na mnyororo, akipata pancha, hakuna aliyehangaika, kwa sababu nyuma yake kuna mwenzake anakuja. Na nyuma ya huyo kuna mwingine. Na nyuma ya wote kuna mwenye nguvu kuliko wote, anakuja kama fagio, hawezi kumwacha mtu barabarani. Mwaka ule, nyuma ya baba yake palikuwa na nani? Nawauliza nyie mnaonitazama. Palikuwa na nani?

Kijana aliruka juu ya baiskeli hata kofia ngumu hakuvaa. Akarudi kinyume cha njia, anakanyaga na kuomba, anakanyaga na kulia. Kilomita nane kutoka nyumbani, chini ya ule mlima mrefu wa mwisho, akamkuta. Mzee amekaa kwenye ukingo wa kalavati, mguu mmoja ameunyoosha, goti limevimba, baiskeli imelala kwenye majani. Amekaa pale saa nzima. Watu walipita, wapo. Walimsalimu shikamoo mzee, unapumzika? Akaitikia marahaba, napumzika kidogo, nao wakaenda zao. Mtu mzima, mwalimu, amwambie mpita njia kwamba goti limekataa? Hawezi.

Nkwabi akapiga magoti mbele yake. Mzee akamuuliza kama ameshinda. Akasema ameshinda. Akauliza kwa muda gani, Nkwabi akautaja, na mzee akacheka mpaka goti likamuuma.

"Nilikuona kule kilimani, mwezi wa kumi," akasema. "Nilikwenda kuchukua dawa ya goti hili, nikakuona unapanda. Nilisimama nikakutazama mpaka nikachelewa zahanati. Nilifurahi sana, mwanangu. Nikajua sasa nimepata mtu wa kukaa nyuma yangu."

Nkwabi akashindwa kumtazama. Akamuuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini basi jana hakumwambia kwamba anaumwa.

"Niliona haya," mzee akasema. "Nikaogopa mtaniambia nikae getini na mama yenu nishike saa. Wewe umeficha nguvu, mimi nimeficha goti. Haya, nisaidie niinuke."

Wakainuka. Baiskeli zile hazina kiti cha nyuma cha kupakia mtu. Nkwabi akampandisha baba yake kwenye baiskeli ya mzee mwenyewe, mguu mbovu ukining'inia, akapanda ya kwake, akaja ubavuni. Mkono mmoja ameshika usukani, mkono wa pili ameuweka mgongoni mwa baba. Akaanza kumsukuma. Ule mlima mrefu, ambao watu wazima hushuka kwenye baiskeli wakautembea, aliupanda akiwa na mzigo wa watu wawili na mkono mmoja, bila kusimama.

Na mzee hakuona kitu, maana alikuwa anatazama mbele. Lakini mgongoni alikuwa anausikia ule mkono. Miaka yote Nkwabi alitaka baba aone nguvu zake, na akadhani ataziona getini. Mzee alizisikia pale mlimani, na alikuwa analia, na Nkwabi hakujua kwamba baba yake analia.

Haya. Sasa tuje kwetu.

Sisi tunaogopa sana dhambi ya kujifanya wakubwa. Mtu akijisifu kidogo tu, tunamsema mpaka Alhamisi. Lakini hii ya kujifanya wadogo, nani ameiungama? Tukitafuta watu wa kwenda kukaa na wafiwa, kila mmoja anashika paja. Mimi sina nguvu, mchungaji. Mimi sijui kusema mbele za watu. Kuna mama mmoja hapa, simtaji, aliniambia sauti yake haitoki. Juzi nimempita sokoni anabishania bei ya dagaa, na soko zima lilikuwa limenyamaza linamsikiliza. Mama, sauti ipo. Tumeisikia.

Na msidhani nawasema nyie tu. Mimi mwenyewe mwaka jana niliombwa kulea waumini wa kule milimani, wasio na mchungaji. Nikaandika barua nzuri kuhusu mgongo wangu. Mgongo huu huu mnaouona. Wale watu wakazikana wenyewe miezi saba, na mimi niliposikia nilishindwa kula. Nimeandika barua nyingine Jumanne. Nitakwenda.

Na wewe mzee wangu uliyekaa hapa, unayeumwa na unaitikia marahaba, napumzika, nakupenda lakini nakukemea. Wanao hawataweza kukaa nyuma yako kama hujawaambia unakoumia. Leo ukifika nyumbani, waambie. Waambie kabla ya chakula.

Lakini neno langu kubwa ni kwa wewe mwenye nguvu. Unajijua. Umeziona nguvu zako pale ulipokuwa peke yako, ukazificha, ukaja kwetu unahema. Ulidhani ukiondoka wa mwisho umeonewa, umenyimwa firigisi. Hukuonewa. Kuna mtu ametangulia barabarani, pengine ni mama yako, pengine ni jirani ambaye humsalimu, na njiani goti lake litakataa. Mungu anajua ni wapi. Kwa hiyo alipokupa nguvu hakukosea hesabu, na alipokuweka nyuma ya huyo mtu aliona mbali. Usimwombe dakika.